Kura, Kula na Bodi Yetu Iliyovunjwa

Nimestaafu. Nina miaka kumi na minane.

Nilipomwambia Haboba, yaani bibi yangu (sisi Wanubi ndivyo tunavyomwita bibi), alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Akasema katika ukoo wetu watu wamestaafu jeshi, wengine wamestaafu malori, lakini hakuna aliyewahi kustaafu kabla ya kuota ndevu. Nikamwambia mimi msichana, ndevu sitaota. Akasema, "Ndiyo maana wamekuwahi."

Nakuandikia wewe utakayekaa kando ya Hajat baada yangu. Sijui jina lako bado. Hajat amesema mimi si mtoto tena na wanatafuta mwanafunzi mwingine, akaniomba nikueleze kazi ilivyo. Kueleza kwa mdomo siwezi, nikiangaliwa usoni maneno yananikimbia. Kwa kuandika naweza, kwa sababu kila siku naandika ya kwangu kabla ya kulala na hakuna anayeniangalia.

Serikali ilikuwa na Bodi ya Viwanja vya Watoto. Ofisi yetu ilikuwa Mengo, ghorofani, juu ya duka la vitambaa vya gomesi, yale magauni ya akina mama wa Kiganda. Bodi iliangalia viwanja ambapo watoto wa Kampala wanacheza: bembea, uzio, choo, mlinzi. Sheria yake ilisema lazima awepo mjumbe mmoja mtoto, anayesoma sekondari. Shuleni kwetu kila mtu alijua atachaguliwa Brenda, bingwa wa mdahalo. Lakini barua ilitaka mtoto anayejua Kiswahili, na Brenda akikutana na Kiswahili hupiga chenga. Mwalimu mkuu akauliza darasani, "Nani anaongea Kiswahili nyumbani?" Mimi nikainama. Wenzangu wakanionyesha kwa vidole. Darasani kwetu Kiswahili kilikuwa cha kutania tu: ukikisema, watu wanainua mikono juu kama wamekamatwa na polisi. Kwa hiyo nilipita bila kupingwa, na bila kutaka.

Siku ya kwanza nilitoka Kawempe mapema mno nikafika kabla ya wenye ofisi. Walipofungua chumba cha mkutano nikatafuta kiti cha mbali kabisa, kile cha kona nyuma ya mlango. Mama mmoja mnene, miwani imening'inia shingoni, akaja akasimama mbele yangu. Huyo ndiye Hajat, katibu wa bodi.

"Binti, unaitwa nani?"

"Zamzam."

"Zamu, hicho ni kiti cha birika la chai. Birika litakaa wapi?"

Nikasimama. Akanishika mkono, taratibu, kama unavyomshika mtu anayevuka barabara, akanipeleka mezani. Meza ilinifika kidevuni. Jumatano iliyofuata nilikuta mto wa kitambaa cha maua kwenye kiti changu. Nimeukalia miaka miwili. Ukiuona huko wizarani utakakokaa, ujue ni wangu, lakini ukalie.

Mwenyekiti wetu tulimwita Afande. Ni mwanajeshi mstaafu, Muganda, mrefu, na Kiswahili alikijifunzia jeshini, akakipenda kama watu wanavyopenda gari lao la kwanza. Serikali iliposema Kiswahili kitumike maofisini, ofisi nyingi zilikubali na kuendelea na Kiingereza. Afande alitii. Mikutano yetu ikawa kwa Kiswahili, na kila Jumatano mchana akaanzisha Saa ya Kiswahili: mtu yeyote asiyejua Kiingereza wala Luganda aje aseme shida ya kiwanja chake, asikilizwe. Tulikuwa ofisi ndogo, kwa hiyo hakuna aliyekumbuka kutukataza.

Waliokuja wengi walikuwa akina mama wa Kikongo wanaoishi Kisugu. Kazi yangu ikawa kukaa nao na kuwasaidia wajumbe kuelewa, kwa sababu Kiswahili chao kina njia zake, cha Afande kina zake, na cha wajumbe wengine kimevuja. Hajat ndiye aliyenifundisha, na haya ndiyo ninayotaka uyashike.

Usikae katikati ya mama na bodi. Kaa kando yake, nyuma kidogo. Ukikaa katikati atakuambia wewe, na wewe huna kiwanja cha kumpa. Akisema "mimi," nawe sema "mimi," usiseme "anasema yeye," maana hapo umeshamfanya awe mbali. Akilia, usitafsiri kilio. Subiri. Mimi hilo la mwisho lilinifaa sana, kwa kusubiri sina mpinzani. Chukua penseli, usichukue kalamu: watu wakiona kalamu wanadhani wanaandikwa polisi. Na chupa ya maji weka upande wake, si wako.

Kesi iliyonifunza zaidi ya zote ilikuwa ya Mama Nsimire. Huyu anauza vitenge Kisugu, ametoka Bukavu, na ana watoto watatu wanaopenda mpira kuliko chakula. Alikuwa ameshakuja zamani, kabla yangu, akasikilizwa na karani mmoja aliyeandika kwamba mlinzi wa kiwanja aliwafukuza watoto. Bodi ikamwandikia mlinzi, mlinzi akaomba radhi, ikaisha. Sasa karudi, amenuna.

"Mulinzi anafukuzaka batoto," aliniambia.

Nikageukia wajumbe nikasema, "Mlinzi amewafukuza watoto."

Bwana Okello, mjumbe wetu kutoka kaskazini, mtu wa utani, akapiga miayo. "Lakini si aliomba radhi? Kwa mara moja tu?"

Hajat akaweka miwani puani. "Zamu, sikiliza mkia wa neno. Hakusema anafukuza. Kasema anafukuza nini?"

"Anafukuzaka."

"Haya. Hiyo ka ya mwisho ni nini kwao?"

Nikamuuliza Mama Nsimire taratibu. Akaniangalia kama mtu anayeulizwa maji ni nini. "Si kila siku! Leo, kesho, juzi. Ni kazi yake ya kufanya. Anafukuzaka."

Kumbe. Sisi tungesema huwafukuza. Ka moja tu mwishoni, na karani aliipitia kama kokoto. Kitu cha kila siku kikaandikwa kuwa cha siku moja, na watoto watatu wakabaki nje ya uzio.

Afande akasimama. "Leta gali," akasema. Ulimi wake wa Luganda huwa unamgeuzia r na l kama funguo mbili kwenye mlango mmoja. Bodi ilikuwa na gari moja, zee, la rangi ya kahawia, na ndani lilinuka ndizi. Tukaenda Kisugu: Afande mbele, Hajat, Mama Nsimire na mimi nyuma.

Mlinzi alikuwa kijana mpole. Hakukataa. "Afande, mimi nina mabosi wawili," alisema. "Bodi yenu inasema watoto waingie wacheze. Tume ya Bustani inasema nyasi zisikanyagwe. Kiwanja ni hiki hiki. Sasa asubuhi mimi ni wa Bodi, jioni ni wa Tume."

"Na kwa nini jioni unafukuza watoto wa huyu mama, wengine unaacha?"

"Mama zao wengine wanakwenda Tume wanabishana kwa Kiingereza. Huyu haendi."

Nilitazama zile nyasi. Nusu ya kiwanja ilikuwa na kibao chetu chenye mtoto anacheka, nusu nyingine kibao cha Tume chenye kiatu kilichokatwa na mstari mwekundu. Na kulikuwa na baraza la tatu, la Burudani za Watoto, ambalo lilileta ngoma siku za sikukuu likakuta mageti mawili yamefungwa na funguo ziko kwa watu wawili. Afande siku ile alikwenda Tume mwenyewe akarudi na ruhusa, watoto wakaingia. Lakini niliandika usiku ule kwamba kama mimi ndiye serikali ningewaweka hawa wote chumba kimoja.

Kwa hiyo taarifa ilipotoka kwamba bodi na tume nyingi zinavunjwa na kuunganishwa, kazi zake zirudi wizarani, wenzangu walisikitika na mimi sikujua nisikitike kwa upande gani. Naona aibu kukuambia, lakini ni kweli: nilidhani ni jambo zuri. Bado nadhani. Kiwanja kimoja hakihitaji mabosi watatu. Kilichoniuma ni kwamba ndani ya kile kitu ambacho hakikuhitajika kulikuwa na saa moja iliyohitajika, na wizarani hakuna saa kama hiyo.

Wizara ilituandikia kwa upole. Kila bodi inayokuja ichague kitu kimoja inachotaka kiendelee kuwepo katika idara mpya. Kimoja tu, maana nafasi ni ndogo. Tulisikia Tume ya Bustani imeomba mashine yao ya kukata nyasi. Baraza la Burudani waliomba jina lao liandikwe ukutani.

Kwetu ikawa vitu viwili. Hajat alipendekeza Saa ya Kiswahili. Bwana Okello na Madam Tumusiime wakapendekeza gari. Usiwaone wabaya. Madam ni mwalimu mstaafu kutoka magharibi, viwanja vyote vya pembeni amevitembelea yeye, hata vile ambavyo njia yake ni matope. "Bila gari," alisema, "idara itakuwa inaviona viwanja kwenye karatasi." Alikuwa na haki. Upande wa Hajat tulikuwa mimi na Dokta, daktari wa watoto, mama asiyesema sana. Hajat kama katibu hapigi kura. Afande hupiga kura pale tu pande zikilingana, na kati ya Kiswahili chake na gari lake hakuna aliyejua ataangukia wapi.

Wiki ile Mama Nsimire alikuja Saa ya Kiswahili hana shida yoyote. Alikuja kuniuliza. "Banasema munafungaka ofisi?"

"Tunahamia wizarani, mama."

"Na huko, nani atanisikia?"

Nilisubiri, kama nilivyofundishwa. Safari hii kusubiri hakukusaidia. Nikamwambia sijui, tutapiga kura.

Mkutano wa mwisho. Dirishani harufu ya vitambaa vipya vya dukani, na chini, uani, harufu ya kuku na matoke, kwa sababu Hajat alisema bodi haitavunjwa na njaa. Tulijadili tangu asubuhi. Mimi, kama kawaida, sikuchangia. Nilitafsiri tu pale mtu alipokwama. Tumbo la Bwana Okello lilinguruma mpaka Dokta akamtazama kitaalamu.

Mwishowe Afande akafunga faili. "Basi. Tumeongea ya kutosha. Sasa ni saa ya kula."

Ukimjua Afande, unajua alisema kura. Kwake yeye zote mbili ni kula. Lakini Bwana Okello kwao r na l hazigombani, na sikio lake lilisikia kitu kilekile pua yake ilichokuwa inasikia tangu saa nne. Akatabasamu.

Madam Tumusiime akataka uhakika. Sasa, kwao Madam l ni nadra. Kwake yeye zote mbili ni kura. Akauliza, "Kumbe tunakura kwanza, ndiyo tunamaliza mengine?"

"Ndiyo, nyabo," Afande akamjibu kwa heshima ya Kiganda, kama kusema bibie. "Tunakula kwanza."

Wakakubaliana kabisa, kila mmoja na lake.

Afande ana desturi moja: kabla ya kura yoyote, na kabla ya chakula vilevile, anafumba macho, watu wote wanainamisha vichwa, kila mtu anaomba kwa Mungu wake kimyakimya. Akafumba macho. Bwana Okello na Madam nao wakainama, wakaomba, wakasema amina polepole kama watu wanaobariki chakula, wakainuka kwa heshima, wakatoka.

Nikawaona. Dokta alikuwa bado ameinama. Hajat hakuwa ameinama. Kalamu yake ilikuwa imesimama juu ya karatasi. Akanitazama, nami nikamtazama. Hakusema kitu. Mpaka leo sijamuuliza kwa nini, na wewe usimuulize.

Afande akafumbua macho akaona viti viwili vitupu. Uso wake ukashuka. "Wametoka?" alisema. "Wamenigomea? Siku ya mwisho?" Nilimwona ameumia, mzee mzima. Kisha akajikaza. "Haya. Waliopo wanatosha. Anayetaka Kiswahiri, anyooshe mkono."

Dokta akanyoosha. Wangu ulikuwa njiani. Ningeumalizia tu, kazi ingekuwa imekwisha. Nilifikiria uso wa Mama Nsimire nikimwambia tumeshinda. Halafu nikafikiria akiniuliza tumeshindaje.

"Afande," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine aliyeko nje ya mlango. "Hawajagoma. Wamekwenda kula."

"Kula wanapigia wapi? Si hapa?"

"Kula chakula."

Nikashuka ngazi mbio. Uani Bwana Okello alikuwa na paja la kuku mkononi, Madam anapakua matoke.

"Bwana Okello, ni kura!"

"Si ndiyo nakula, Zamu. Njoo."

"Si kula. Kura!"

"Ndiyo, mwanangu, tunakura," akasema Madam kwa upendo, "chukua sahani, umekonda."

Nikaona mdomo wangu hautanisaidia. Nikanyoosha mkono juu, nikauacha pale, mbele ya wapishi na mwenye duka la vitambaa aliyekuja kudoea. Nikasimama hivyo. Watu wote wakanitazama, na mimi huwa nakufa mtu mmoja akinitazama.

Bwana Okello akatazama mkono wangu. Akatazama paja la kuku. Akaanza kucheka mpaka akashika ukuta. "Madam! Afande alikuwa anaitisha kura! Sisi tumebariki chakula!"

"Maskini Afande," alisema Madam, akafunika sahani yake.

Kwenye ngazi Bwana Okello akaniinamia. "Zamu, sisi wawili tungebaki huku, nyinyi mngeshinda. Ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa?"

Nikaendelea kupanda, nilikuwa nimeshatumia sauti ya mwaka mzima.

Tukaketi. Afande aliposikia, alicheka kidogo, akapangusa miwani muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji. Kisha akasema, "Mtoto wa bodi, miaka miwili unasema maneno ya watu. Leo sema yako. Kwa nini umewaita?"

Niliangalia mto wa maua, ncha yake ilikuwa imechomoza chini yangu. Nikasema, "Kwa sababu walikuwa hawajaelewa, Afande. Na Saa ya Kiswahili ni ya watu ambao hawajaelewa. Tusingeweza kuipata kwa kumwacha mtu nje hajaelewa."

Ilikuwa ndiyo hotuba yangu yote ya miaka miwili. Chini sufuria zikagongana.

"Piga kula," Afande akasema, na safari hii hakuna aliyetoka.

Wanaotaka gari: mkono wa Madam peke yake, umesimama wima. Wanaotaka Kiswahili: wa Dokta, wangu, na mmoja unaong'aa mafuta ya kuku.

"Okello!" Madam akasema.

"Nifanyeje, Madam? Dakika kumi zilizopita mimi ndiye nilikuwa mteja."

Madam hakubadilisha. "Mimi bado nataka gari," alisema, "na viwanja vya pembeni mtanikumbuka." Hajat akaandika vilevile alivyosema. Kisha tukashuka sote, tukala. Madam aliniwekea matoke mawili zaidi, akasema kupingana hakumnyimi mtoto chakula.

Bodi ikavunjwa. Kiti cha mjumbe mtoto kikaenda nayo, hakuna aliyekiombea, hata mimi. Ndiyo maana wewe hutakuwa mjumbe, na hutapiga kura. Nakuambia mapema usije ukasikitika kama nilivyosikitika mimi, kidogo, kwenye daftari langu. Utakaa kando ya Hajat, usaidie, basi. Lakini hiyo kando ndiyo iliyokuwa kazi tangu mwanzo.

Wizara ilikubali ombi letu. Tatizo likawa chumba: vyumba vyote vinatumika mchana kutwa, isipokuwa wenyewe wakienda kula. Kwa hiyo Hajat amepewa meza chini ya ngazi, na muda huo. Akaandika tangazo kwa mkono wake mzuri akalibandika getini: KISWAHILI, SAA YA KULA. Nilimwuliza kama alifanya makusudi. Akasema, "Zamu, mimi ni mtumishi wa serikali," akageuza uso.

Nilikwenda Jumatano iliyopita kama mgeni. Nilikaa kwenye benchi la wanaosubiri, pazuri sana, hakuna anayekuangalia. Mama Nsimire akaingia amebeba bakuli limefungwa kitambaa.

"Nimesoma kwa geti ni saa ya kula," akamwambia Hajat, "nikaleta sombe. Siwezi kuya mikono mitupu."

Hajat akanitafuta kwa macho. Nikainama nisicheke. Kisha akasogeza mafaili, akatafuta vijiko, akaniita na mimi. Tukala sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa na karanga, chini ya ngazi za wizara, watu wakipita juu ya vichwa vyetu.

"Na Kisugu?" nikamuuliza Mama Nsimire. "Watoto wanasemaje?"

Mdomo wake ulikuwa umejaa. Akameza kwanza. Nikasikiliza mkia.

"Banachezaka," akasema.